Usiku tulioikamata Jupiteri kwa telefoni katika lupango la Katuba

Juma hili tunaweka kando habari za likelemba na za bei ya unga, tujibu maswali ambayo wengi wenu mmetuuliza sokoni na mlangoni pa kanisa. Lile bomba jeusi lenye miguu mitatu, linalosimama usiku katika lupango letu kule Katuba, linafanya kazi gani? Ni kweli kwamba walimu wanaita nyota zishuke? Na ni kweli kwamba binti wa mwenzetu muuza unga alipiga picha ya dunia ingine kwa telefoni?

Kwa swali la nyota kushuka, jibu ni hapana. Kwa swali la picha, jibu ni ndiyo. Tunataka kusimulia namna ilivyokuwa, kwa sababu maneno yamezunguka mtaa miaka mitatu sasa na kila anayepita ameongeza chumvi yake.

Lile bomba ni darubini, ile wengine wanaita teleskopi. Ndani yake, kule chini kabisa, kuna kioo kilichochimbwa kidogo katikati kama sahani, chenye upana wa milimita 114. Si kikubwa, kiganja cha mtu mzima kinakifunika. Kazi ya kioo ni kukusanya mwangaza. Mnajua wakati wa mvua, mwenye kikombe na mwenye beseni wakisimama uwanjani, nani atapata maji mengi. Jicho letu ni kikombe, kioo ni beseni. Baada ya kukusanywa, mwangaza unapita kwenye kipande kidogo cha lenzi, pale ambapo mtu anaweka jicho, na lenzi inakuza. Darubini hii si yetu. Mwalimu mwenzetu wa fizikia aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na alipohamishwa kwenda kufundisha mbali alituachia, akituambia tusiifungie sandukuni.

Sisi tulisoma mambo ya ualimu kwenye taasisi ya juu ya pedagojia, na mambo ya anga tuliyasoma katika kurasa mbili tatu tu za kitabu cha jiografia. Hatukuwahi kuona kwa macho yetu kile tulichokuwa tunachora ubaoni kila mwaka: jua katikati na sayari zikizunguka kama ng'ombe waliofungwa kwenye mti. Tulifundisha bila kuona. Tunalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyo kwa walimu wengi wa kwetu, na hakuna sababu ya kuona haya.

Ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2021. Hatukuchagua wakati huo kwa elimu yoyote. Ilitokea tu kwamba anga lilikuwa safi na darubini ilikuwa imefika. Baadaye tukajua tulikuwa na bahati kubwa. Tarehe 20 ya mwezi ule, dunia yetu ilikuwa katikati ya jua na sayari ya Jupiteri, na hapo ndipo Jupiteri inaonekana kubwa na yenye kung'aa usiku wote. Vitabu vya Kiswahili vya pwani vinaiita Mshtarii. Tena mwaka ule, saa sita ya usiku, ilikuwa inapita karibu kabisa juu ya utosi wa mtu aliyesimama Lubumbashi. Mtu wa London, usiku ule ule, aliiona chini chini, karibu na mapaa ya nyumba, na mwangaza wake ulikuwa unapita katika hewa nene. Sisi tulikuwa tunaitazama kupitia hewa nyembamba zaidi. Jambo hili lilitushangaza kuliko yote: kwamba kwa kazi fulani ya sayansi, lupango la Katuba ni mahali pazuri kuliko bustani ya Ulaya. Na umeme ukikatika, kama mnavyojua unavyokatika, giza la mtaa mzima linageuka kuwa msaada. Ni mara ya kwanza tulishukuru kwa kukosa umeme.

Lakini mwaka ule kulikuwa bado kuvre-fe ya korona. Mtoto akija kuangalia anga saa tatu ya usiku, hawezi kurudi kwao. Itambidi alale kwetu mpaka asubuhi. Tuliwaalika wasichana wanane waliokuwa wanamaliza mwaka wa nane, tukapita kwa kila mama kuomba ruhusa. Wamama saba walikubali. Mmoja alikataa.

Huyu anauza unga wa mahindi katika soko la Kenya. Ni mjane, tena ni mmoja wa wanamemba wa kwanza wa chama chetu. Alikuwa na sababu, na hazikuwa za kijinga. Ya kwanza: mtoto msichana hatoki usiku. Ya pili: midomo ya watu. Katika mji wetu tumeona watoto waliofukuzwa nyumbani wakiitwa wachawi kwa mambo madogo kuliko hayo. Mtoto kuota ndoto mbaya, mtoto kutembea usingizini. Je, msichana anayesimama uwanjani katikati ya usiku akiangalia mbingu kwa bomba, watasema nini? Sababu ya tatu alitueleza mwisho, tukiwa tumekwisha kusimama kuondoka. Mwaka ule binti yake alikuwa anachagua opsio ya humanité. Mama alitaka ushonaji. Binti alitaka hesabu na fizikia.

"Mukimuonyesha hizo nyota," alituambia, "hatanisikia tena. Na fizikia haileti bukari."

Hatukuwa na jibu zuri. Ushonaji unaleta bukari kweli; nusu ya wanamemba wa chama hiki wanaishi kwa masini ya kushona, na hatutaki mtu asome makala haya akidhani tunadharau sindano. Tulimwambia tu: "Mama, basi uje na wewe. Mlale wote wawili kwetu. Ukiona kitu kibaya, utamchukua asubuhi na hatutarudi mlangoni kwako."

Akaja. Alikuja na mablanketi mawili, na kwa sababu usiku wa kiangazi una baridi, alikuja pia na mbabula yake, imejaa makala yenye moto.

Hapo ndipo somo la kwanza lilianza, bila sisi kulipanga. Tulikuwa tumeelekeza bomba kwenye Jupiteri, na picha ndani ya lenzi ilikuwa nzuri: duara jeupe la manjano, mistari miwili ya rangi ya udongo imepita katikati yake, na vidole vinne vya mwangaza vimejipanga pembeni kama shanga kwenye uzi. Vile ni miezi minne ya Jupiteri, ile Galileo aliyoiona mwezi wa kwanza mwaka 1610 kwa bomba dhaifu kuliko letu. Ghafla duara likaanza kutetemeka, likachemka kama uji. Tukashika miguu ya darubini, tukafunga misumari, bado linachemka. Ni binti wa muuza unga aliyegeuka na kuona mama yake ameweka mbabula hatua tatu mbele ya bomba, upande ule ule tuliokuwa tunaangalia.

Mnajua mkitazama mtu aliyesimama ng'ambo ya mbabula, uso wake unacheza cheza. Hewa ya moto inapanda, hewa ya baridi inashuka, na mwangaza unapindwa huku na kule. Tukahamisha mbabula nyuma ya jikoni, na baada ya dakika chache Jupiteri ikatulia. Haikutulia kabisa. Kwa sababu juu yetu kuna kilometa nyingi za hewa, na hewa hiyo yote inachanganyika moto na baridi usiku kucha, kana kwamba kuna mbabula elfu. Hilo ndilo adui wa kila mtu anayetaka kupiga picha ya sayari. Mwenye darubini ndogo na mwenye darubini kubwa wote wanapigana nalo.

Mama alikuwa wa mwisho kuweka jicho. Tulikuwa tumegeuza bomba kwenye Saturni, ambayo pia ilikuwa juu vizuri. Alikaa kimya. Kisha akaondoa jicho, akaangalia ndani ya mdomo wa bomba kwa mbele, akaangalia na lenzi kwa nyuma. "Mumebandika kakaratasi," akasema. Aliona kamviringo kadogo kenye pete, kamekatwa safi kama kwa makasi, na hakuamini kwamba kitu kama hicho kiko kweli mbinguni. Tukamwambia asukume bomba kidogo. Akasukuma, pete ikatoka, giza likabaki. Kama ni karatasi, ingebaki. Akairudisha mwenyewe, akachukua muda, akaipata. Hata bila kusukuma, ikaanza kukimbia yenyewe, na kwa dakika mbili hivi ikawa imetoka tena. Akauliza: "Inakimbia wapi?" Binti yake akamjibu: "Si yeye anayekimbia, mama. Ni sisi. Ni dunia inazunguka."

Kupiga picha lilikuwa wazo la wasichana. Walitaka kitu cha kuonyesha kesho yake. Picha za kwanza zilitia huruma. Unaweka telefoni kwenye lenzi kwa mkono, mkono unatetemeka, unabonyeza, unapata doa jeupe kama taa ya motokari. Hakuna mistari, hakuna pete. Sababu yake ni kwamba telefoni inaona giza kubwa na kadoa kamoja, inadhani picha nzima ni nyeusi mno, inaongeza mwangaza mpaka sayari inaungua. Kwa hiyo fanyeni hivi: mguse sayari kwa kidole kwenye kioo cha telefoni, mngoje, kisha mshushe mwangaza mpaka sayari iwe hafifu kidogo. Picha hafifu ina mistari. Picha yenye kung'aa haina kitu. Na msishike telefoni kwa mkono. Sisi tuliifunga kwenye lenzi kwa kipande cha mbao chenye tundu na mipira iliyokatwa kwenye gurudumu la kinga. Haikuwa nzuri kwa macho, lakini ilikaza.

Bado picha moja moja zilikuwa mbovu kwa sababu ya ile hewa inayochemka. Hapo tukatumia ufundi ambao watu wa lupango kama sisi, si maprofesa, wameufanya kuwa mkubwa duniani kote: usipige picha, piga video. Video ya dakika moja ina picha ndogo ndogo karibu 1,800. Nyingi zimeharibiwa na hewa. Lakini kuna nukta za sekunde ambapo hewa inatulia, na picha chache zinatoka safi. Kuna programu za bure za ordinatere, kama RegiStax na AutoStakkert, zinazopitia picha zote, zinachagua zile safi, zinazipanga moja juu ya ingine, zinatoa picha moja. Makosa ya kila picha yako mahali tofauti, kwa hiyo yanafutana. Mistari ya sayari iko mahali pamoja, kwa hiyo inapata nguvu.

Tulikuwa tunaeleza hayo kwa maneno marefu, na wasichana wanasinzia, wakati muuza unga aliposema kutoka kwenye blanketi lake: "Ni kuchagua maharagi. Unamwaga yote kwenye lungo, unatupa mawe, unapika yale mazuri." Tangu siku ile tunafundisha hivyo, na hatujasikia maelezo mazuri zaidi.

Onyo moja hapa, kabla hatujasahau: Jupiteri ni kubwa mara 11 kuliko dunia kwa upana, lakini inazunguka yote kwa muda usiofika saa 10. Video ikirefuka sana, mistari inasogea na picha inachafuka. Dakika mbili zinatosha.

Katika kupanga picha za usiku wa tatu, saa ya kuelekea alfajiri, ordinatere ikiwa imebaki na moto kidogo, tuliona doa. Kadoa keusi, ka mviringo, juu ya Jupiteri. Usiku wa kwanza na wa pili hakakuwako.

Ili muelewe kwa nini mioyo ilituruka, tuwasimulie juu ya Anthony Wesley. Ni mtu wa Australia, kazi yake ni kuandika programu za ordinatere, na ana darubini aliyojitengenezea mwenyewe, kioo chake sentimita 37, nyumbani kwake katika kijiji cha Murrumbateman. Usiku wa tarehe 19 mwezi wa saba mwaka 2009 alikuwa amepiga Jupiteri kwa masaa, hewa ikaharibika, akataka kuacha. Akaingia nyumbani kuangalia michezo kwenye televizio nusu saa. Aliporudi akaona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Jupiteri. Kwanza akadhani ni tufani ya kawaida. Kisha akadhani ni kivuli cha mwezi. Lakini mahali hapakufaa, ukubwa haukufaa, na lilikuwa linasogea polepole mno kuwa kivuli. Akaangalia picha zake za siku mbili nyuma: hakuna kitu. Akaandikia wataalamu. Siku iliyofuata darubini kubwa ya NASA katika Hawaii ikaelekezwa pale na kuthibitisha: kitu kutoka angani kilikuwa kimeigonga Jupiteri na kuacha kovu lenye upana kama bahari ya Pasifiki. Tarehe 23 hata darubini ya Hubble, ile inayozunguka juu ya hewa, ilipiga picha ya kovu lile. Kati ya wataalamu wote wa dunia na vyombo vyao vyote, aliyeliona wa kwanza alikuwa mtu aliyetoka kuangalia televizio.

Kuna na mwingine, Christopher Go, mfanyabiashara wa vyombo vya mbao katika mji wa Cebu, Ufilipino. Tunampenda huyu kwa sababu nchi yake iko katika joto kama kwetu, na sayari zinapita juu ya kichwa chake kama zinavyopita juu ya kwetu. Mwezi wa pili mwaka 2006 aligundua kwamba tufani moja nyeupe ya Jupiteri, karibu ukubwa wa dunia yetu, ilikuwa imebadilika kuwa nyekundu, kama dada mdogo wa lile Doa Jekundu kubwa linalojulikana tangu zamani. Tarehe 3 mwezi wa sita 2010, Wesley aliona mwangaza ukiwaka juu ya Jupiteri kwa sekunde mbili hivi, na Go, kilometa elfu nyingi kutoka pale, alikuwa na video ya dakika ile ile. Mmoja angeweza kuambiwa kamera yake imedanganya. Wawili hawawezi. Hata wataalamu wa chombo Juno, kilichoanza kuizunguka Jupiteri mwaka 2016, wametumia picha za watu wa namna hii kujua hali ya hewa ya sayari nzima, kwa sababu chombo chenyewe kilikuwa kinapita karibu mno na kuona vipande tu.

Basi, tuliona doa. Mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja ingawa anasoma gazeti hili, alikuwa tayari amesimama kutafuta mega za kutuma habari duniani.

Binti wa muuza unga akasema: "Madame, ngoja. Labda ni vumbi."

Akarudisha video ya mwanzo, ile isiyochaguliwa. Katika video, Jupiteri ilikuwa inasafiri kutoka upande mmoja wa picha kwenda upande mwingine, kwa sababu bomba letu halina motere ya kuifuata. Kama doa ni vumbi kwenye lenzi au kwenye telefoni, litabaki mahali pake na Jupiteri itapita nyuma yake. Akaangalia mara tatu. Doa lilisafiri pamoja na Jupiteri. Halikuwa vumbi. Hapo hata sisi tuliacha kupumua.

"Sasa tuangalie kama linakwenda mbio," akasema.

Tukapiga tena, tukangoja, tukapiga tena. Katika nusu saa doa lilikuwa limesogea sana, na kabla anga halijaanza kuwa jeupe lilikuwa limefika ukingoni, na kando yake kukatoka nukta ya mwangaza. Ulikuwa mwezi mmoja wa Jupiteri umepita mbele, na doa lilikuwa kivuli chake. Mtu aliyesimama chini ya kivuli kile, kama angekuwako mtu, angeona jua limefunikwa mchana.

Hatukugundua kitu. Vivuli vile vinapita kila mara, na Wesley angetucheka kwa upole. Lakini tuliona mtoto wa miaka 14 akitumia, bila kufundishwa, maswali yale yale ambayo Wesley alijiuliza usiku wake: ni vumbi? ni kivuli? kinasogea namna gani? jana kilikuwako? Mama yake alikuwa macho. Hakusema kitu. Alikunja blanketi lake, akachukua mbabula, wakaondoka wote wawili saa kumi na mbili ya asubuhi kwa sababu soko halingoji.

Baada ya siku nne alitupitia. Hakuzungumza juu ya Jupiteri. Aliuliza kama kuna wanawake wanaofanya kazi hiyo na kama wamepata mabwana na watoto. Swali hilo mnaweza kulicheka, lakini kila mama anayesoma hapa analijua.

Tulimwambia juu ya Carolyn Shoemaker wa Marekani. Alifundisha shule mwaka mmoja, hakuipenda kazi, akaacha (sisi walimu hatumhukumu). Akaolewa, akalea watoto watatu. Watoto walipoondoka nyumbani, akiwa na miaka 51, ndipo alianza kazi ya anga pamoja na bwana yake. Kazi yake ilikuwa kulinganisha picha mbili za sehemu moja ya anga zilizopigwa kwa muda tofauti, kutafuta kitu kilichosogea. Ni kazi ya macho na uvumilivu. Aligundua komete 32. Mwezi wa tatu mwaka 1993 aliona kwenye picha komete moja ya ajabu, kama imekanyagwa. Ilikuwa imevunjika vipande vipande, na mwezi wa saba mwaka 1994 vipande hivyo viliigonga Jupiteri kwa juma zima, kimoja baada ya kingine, vikiacha madoa meusi yaliyoonekana hata kwa darubini za lupango. Ni kwa sababu ya madoa yale ya 1994 kwamba Wesley, miaka 15 baadaye, alitambua alichokiona.

Mama akasikiliza. Akasema: "Miaka hamsini na moja." Akaondoka.

Walikubaliana hivi, yeye na binti yake, na tuliitwa kuwa mashahidi: binti angeingia hesabu na fizikia, na kila Jumamosi angekuja kwenye masini ya chama kujifunza kushona mpaka aweze kujitegemea. Ameshika ahadi zote mbili. Amemaliza humanité ya tatu, mwezi wa tisa anaingia ya nne, mwaka ujao ni Exetat. Rafiki zake wanavaa viblauzi alivyoshona. Juu ya univerisite hatuna la kuwaambia, kwa sababu makuta hayajapatikana. Mama ameanza kuweka kando kitu kidogo kila soko. Sisi walimu tumefungua kikaratasi kwa mtunza sanduku wa chama. Atakayetaka kutia mkono amuone yeye, si sisi.

Ile picha ya kivuli iko kwenye ukuta wa jikoni la muuza unga. Ni ndogo, rangi zake zimepotea kidogo, na mgeni anayeingia anadhani ni yai lililochomwa.

Sasa habari za kiangazi cha mwaka 2024. Darubini itatoka Jumamosi tarehe 10 mwezi wa nane, jua likizama. Tutaanza na mwezi wetu wenyewe, ambao bado utakuwa mdogo. Ni wakati mzuri wa kuona mashimo na milima yake, kwa sababu jua linaupiga kwa pembeni na vivuli vinarefuka. Telefoni yoyote inaweza kupiga picha hiyo, hata kwa mkono. Kuelekea saa nne ya usiku Saturni itakuwa imepanda vya kutosha upande wa mashariki. Mtakaoikumbuka ya 2021 mtaona pete zimebanwa sana, karibu mstari. Hazijavunjika. Tunaziangalia kwa ubavu, na wakati wa kuwa sawa kabisa na ubavu wake ni mwezi wa tatu mwaka 2025. Moshi wa kuchoma majani mwezi huu unatuharibia anga. Tafadhali, mwenye kuchoma uwanja wake siku ile angoje Jumatatu.

Wanaoamka mapema kwenda soko watazame tarehe 14 mwezi wa nane mwaka 2024, kabla ya kucha, upande wa mashariki kuelekea kaskazini: Marsi nyekundu na Jupiteri zitakuwa zimekaribiana kupita kiasi, nafasi kati yao ni ndogo kuliko upana wa mwezi. Kwa hilo darubini haihitajiki.

Neno moja kwa wamama wenye watoto wadogo, nalo tunalirudia kila mara: mchana bomba linafungwa ndani na ufunguo. Mtoto akiangalia jua kwa darubini, au kwa jumeli za mzee, hata mara moja tu, jicho linaungua na halirudi. Hakuna mchezo hapo.

Wasichana watalala kwetu kama zamani, wamama wao wakipenda walale pia. Kila mtu alete blanketi lake. Taa za telefoni zizimwe. Atakayekuja na mbabula ataiweka nyuma ya jikoni.